Nilivyozielewa nyakati za vitenzi katika sentensi za masharti za Kiingereza

Vitabu vya sarufi huzipanga sentensi hizi kwa namba: aina ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilizikariri zote, lakini bado sikuelewa kwa nini "If I had time, I would help you" inazungumzia leo, ilhali "had" ni umbo la wakati uliopita.

Nilianza kuelewa nilipoacha kuuliza tukio ni la lini, nikauliza: je, msemaji analiona kuwa linawezekana, au anawaza tu? "Ningekuwa na muda, ningekusaidia" haina habari ya jana. Hiyo -nge- inatuambia kwamba muda haupo. Kiingereza hakina kiambishi kama hicho, kwa hiyo hutumia umbo la wakati uliopita kuonyesha kuwa jambo liko mbali na uhalisi. Ndiyo maana Kiingereza sanifu husema "If I were you", ingawa mambo ni ya sasa hivi.

Basi yaliyopita kweli yasemweje, kama umbo lake limekwisha kutumika? Unarudi nyuma hatua moja zaidi: "If she had left early, she would have caught the bus." Angaliondoka mapema, angaliliwahi basi. Wengi wetu hutumia -nge- hata hapo na tunaelewana vizuri, lakini Kiingereza hakitoi nafasi hiyo, na naamini ndipo wanafunzi wengi hukwama.

Sentensi za mchanganyiko, zilizokuwa zikinitisha, sasa ndizo nizipendazo: "If I had slept early, I wouldn't be tired now." Kulala ni kwa jana, uchovu ni wa sasa, kila upande unabeba wakati wake.

Jambo linalowezekana ni jepesi. "If it rains, we will stay" ni mvua ikinyesha, tutabaki. -Ki- haichukui -ta-, na baada ya "if" kwa kawaida "will" haikai.

Tahadhari moja: "If he had money, he bought us books" ni mazoea ya zamani yaliyotokea kweli. Kwa hiyo kabla ya kuamua maana ya "had", mimi hutazama kwanza upande wa pili wa sentensi kuona kama kuna "would", "could" au "might".