Magunzi yetu sasa ni mkaa
Jamani, kama bado unateketeza magunzi baada ya kupukuchua mahindi, subiri kwanza. Kikundi chetu kimeanza kutengeneza mkaa mbadala na nina furaha mno. Magunzi makavu tunayawasha ndani ya pipa, yakishika moto vizuri tunaziba. Hewa ikiendelea kuingia unabaki na majivu matupu. Yakipoa tunasaga, tunachanganya na uji wa wanga, tunashindilia kwa mashine ya mkono, kisha tunaanika. Hapo kwenye kuanika ndipo penye kazi: mkaa wenye unyevu ndani hutoa moshi na kumeguka jikoni, na mteja harudi.

Pumba za mpunga nazo zinafaa, ila zina silika nyingi (madini yaliyomo pia kwenye mchanga, hayaungui), hivyo huacha majivu mengi. Na pumba ni karibu asilimia 20 ya uzito wa mpunga, hebu fikiria malundo yanayotupwa kwenye mashine za kukoboa!

Mabua hatuyabebi yote, udongo nao unayahitaji. Sasa tunataka kuotesha uyoga kwenye mabua ya mpunga yaliyochemshwa. Ukishavunwa, mabaki yanakuwa mboji. Aliyewahi kuotesha anielekeze, tafadhali.