Siku Moja Maishani Mwangu: Mkono wa Mama Mdogo

Saa moja kasorobo asubuhi nafungua dirisha la studio yangu, chumba kimoja cha ghorofa ya nne katikati ya Tehran, linaloelekea kaskazini iliko milima ya Alborz. Sisi tunaochora watu hulipenda dirisha la kaskazini kwa sababu jua haliingii moja kwa moja, kwa hiyo kivuli cha pua hakihamihami sana kabla ya adhuhuri. Milima yenyewe leo haionekani kwa moshi wa magari.

Saa mbili natengeneza rangi nyeupe, ambayo ndiyo huisha upesi kuliko zote. Tangu thamani ya rial, sarafu yetu ya Iran, iporomoke, tyubu za kutoka Ulaya zimenishinda bei, nami nimezoea kununua unga wa titani na kuusaga kwa mafuta ya kitani juu ya kioo. Silalamiki sana, kwani nyeupe niliyoisaga mwenyewe ni nzito na hushika alama ya brashi.

Saa tatu anafika mama mdogo, ambaye kila Jumatano huja kukaa nimchore. Anabana kibonge cha sukari kwa meno, anakunywa chai, kisha anasema, "Leo nipunguze unene, mwanangu."

Namjibu kwamba uzito wake ndio ninaoutafuta, na sisemi uongo. Tangu mapinduzi ya 1979 picha za uchi hazitundikwi hadharani nchini kwetu, na chuoni tulichora watu waliovaa nguo, kwa hiyo nilijifunza kuusoma mwili kupitia kitambaa: jinsi goti linavyolivuta gauni, jinsi bega lililochoka linavyoishusha shali. Wageni wakiiona shali huuliza siasa papo hapo. Siasa imo, siikani, lakini wiki tatu hizi kilichoninyima usingizi ni namna ya kumfanya mama huyu aonekane amekikalia kiti badala ya kuelea juu yake.

Saa sita tunakula wali wa dengu. Ukutani nimebandika nakala ya Ukumbi wa Vioo, picha ya mchoraji wetu Kamal-ol-Molk iliyoko Kasri la Golestan hapa Tehran, ambamo mfalme Naser al-Din Shah ameketi akiwa mdogo mno, nusura amezwe na vioo na vinara. Kila mtu husifia vioo. Mimi humtazama yule mfalme, kwa sababu pamoja na udogo wake, amekaa.

Saa saba narudi kwenye mkono ulioshika bilauri. Mishipa ya mkono wa mzee huonekana ya buluu, lakini ukiipaka buluu mkono unakuwa kama ramani ya mito. Napaka kijivu tu kando ya waridi iliyofifia, na jicho linaona buluu lenyewe. Vidole vitatu vimekubali. Kidole gumba kimekataa mara nne.

Saa tisa umeme unakatika na lifti inasimama. Namshika mama mdogo mkono kuteremka ngazi, naye anapumzika kila ghorofa, akiniegemea bega zima. Hapo ndipo ninapohisi kile nilichokikosa: gumba lake haliishiki bilauri, linaiegemea.

Saa kumi na moja, mwanga ukiwa umebaki kidogo, nakikwangua kidole kile kwa kisu hadi kwenye turubai, naosha brashi kwa sabuni, kisha nafunga mlango.