Mzee aliyekuwa akingoja meli

Katika nyumba ya wazee ninakofanya kazi ya uuguzi hapa Mombasa, usiku mwema ulikuwa usiku wa kimya. Asubuhi tukipokezana zamu, swali la kwanza lilikuwa, "Wamelala?" Ukisema wamelala wote, unasifiwa. Ukisema fulani amezunguka hadi alfajiri, unaulizwa kwa nini hukumpa dawa. Wahudumu wawili kwa wazee kumi na wanane, unajifunza haraka: giza likiingia, haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili inayomtuliza mtu.

Mzee mmoja ndiye aliyenifumbua macho. Alikuwa kuli bandarini Kilindini miaka mingi. Kila baada ya isha alivaa shati, akadai viatu, akaelekea langoni. Akaandikiwa dawa hiyo "atulie". Baada ya majuma mawili mikono ilimkakamaa, akawa anaburuta miguu, mate yanamchuruzika, anasinzia uji ungali mdomoni. Kisha akaanguka bafuni. Binti yake alipokuja akamshika kidevu, akaniuliza, "Sista, baba amekuwaje?" Nilishindwa kumjibu, na nikaona aibu.

Nikaanza kusoma. Mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba dawa mpya za aina hii huongeza hatari ya kifo kwa wazee wenye dimenshia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na fahamu. Mwaka 2008 onyo likafika kwa zile za zamani, haloperidoli ikiwemo. Nikamwendea daktari wetu na hayo, pamoja na daftari nililoandika usiku baada ya usiku: anaanza saa ngapi, amekunywa maji, amekwenda choo, anaumwa wapi. Akapunguza dozi kidogokidogo. Muuguzi asiamue mwenyewe kumkatizia mgonjwa dawa hizi, wala zisikatwe ghafla.

Kazi ngumu ilikuwa kwa wenzangu. "Utakesha naye wewe?" Nikakesha, juma zima. Mhudumu mmoja, kijana wa Likoni, ndiye aliyepata dawa yenyewe. Mzee aliposhika komeo la lango, alimwambia kwa adabu, "Baba, leo meli haijaingia." Mzee akamtazama, akasema, "Basi nitangoja," akaketi barazani. Tukamletea chai ya tangawizi.

Bibi mmoja aliyekuwa akipiga kelele usiku, tulipompima mkojo tukakuta maambukizi. Alitibiwa, kelele zikaisha. Miezi yote ile tulikuwa tukimlaza na maumivu yake. Mwingine bado anatumia dozi ndogo ya haloperidoli, kwa sababu huona watu wanaokuja kumpiga na hofu ile humtesa kwelikweli. Daktari humwangalia mara kwa mara.

Siku hizi tukipokezana zamu hatuulizi tena kama wamelala. Tunaulizana, "Alikuwa anataka nini?" Majuzi nilikuta mwandiko wa yule kijana daftarini: "Saa tatu usiku, anangoja meli. Amepewa chai. Saa tano ameomba mwenyewe kupelekwa kitandani."