Kobe wa uwani

Zile siku za giza, tangu Disemba 2009 mpaka Machi 2010, sisi wa Ng'ambo, mjini Unguja, tulizoea kulala mapema. Umeme unaotuvukia kutoka Bara kwa waya wa chini ya bahari ulikatika, Unguja nzima ikakaa miezi mitatu na chemli na mishumaa. Jenereta za madukani zikizimwa usiku, mtaa hunyamaza hadi unasikia mende akitambaa. Ndipo niliposikia: kwaru, kwaru, kimya, kwaru.

Sauti ilitoka uwani kwa jirani. Mwenyewe keshakwenda Dar es Salaam kwa dada yake pamoja na watoto, maana bila umeme pampu haivuti maji, na kubeba dumu kila kukicha kulimshinda. Ufunguo alimwachia mama. Kobe hakumtaja.

Kobe yule mtaa mzima tulimjua. Aliletwa kutoka Dodoma ndani ya polo, baada ya jirani kuambiwa kwamba kobe akikaa nyumbani humwondolea mtoto pumu, na kitindamimba wake alikuwa na pumu ya kweli, ya kukoroma kifua usiku kucha. Sisi tulimrushia kobe mwiku wa wali na vipande vya mkate, tukacheka akivitafuna. Mwaka hadi mwaka mgongo wake ulizidi kuota vinundu, nami nilidhani ndivyo kobe walivyo.

Usiku ule nilichukua chemli na ufunguo, nikaingia. Waya wa chuma ulipita kwenye tundu lililotobolewa kwa keekee ukingoni mwa gamba, upande wa nyuma, ukafungwa kwenye mguu wa tangi la maji. Saruji ilikuwa imechubuka nusu duara, nyeupe, pale gamba lilipokwaruza kila alipofika mwisho wa waya. Tangi kavu. Sufuria yake kavu. Macho yalikuwa yamezama ndani.

Nilirudi mbio nyumbani nikamimina maji ya kunywa kwenye sinia, maji ambayo mama aliyanunua kwa dumu. Kobe alizamisha uso mzima, pua na macho, koo likawa linapanda na kushuka. Nilihesabu mpaka mia mbili, hajainua kichwa. Mama alinikuta nimechutama pale nalia, asiniulize habari ya maji.

Asubuhi alikuja ami yangu, ambaye alikuwa bwana mifugo. Alikata waya kwa koleo, taratibu, kisha akasafisha tundu kwa iodini iliyotiwa maji. Ukingo ulikuwa mweusi na unanuka. Alipogusa tu, kobe akavuta mguu wa nyuma ndani kwa nguvu.

"Ami, kwani anaumia? Si gamba tu?"

"Gamba hili si nyumba aliyoivaa, mwanangu. Ni mfupa wake. Mbavu na uti wa mgongo vimeungana nalo, na lina mishipa ya fahamu. Aliyemtoboa hapa ni kama kakutoboa wewe ubavu."

Maneno yale sikuyasahau. Akanieleza na vinundu: kobe wa nyika huyu, mwenye madoa, chakula chake ni nyasi na majani. Ukimlisha wali na mkate miaka yote, akakosa chokaa ya kujengea mfupa, akakosa maji na jua la kutosha, gamba hukua vibaya, na likishaharibika halirudi. Tukamweka kwenye beseni la maji ya vuguvugu, yasiyofika puani. Baada ya muda akatoa uchafu mweupe mzito kama chokaa iliyokorogwa. Ami akasema, "Alhamdulillahi, figo zinafanya kazi."

Mimi nilitaka tumpeleke kisiwani Changuu, wanakofugwa kobe. Ami akakataa. Wale wa Changuu ni ukoo mwingine, kobe wakubwa wa Aldabra, waliotokana na wanne walioletwa zawadi kutoka Shelisheli mwaka 1919. Waliibwa na kuuzwa hata mwaka 1996 wakabaki saba tu, na ukiwachanganya na kobe mgonjwa wa Bara unaweza kuwapelekea maradhi. Kumwachia msituni nako hakufai: hapa si kwao, na kobe asiyeogopa watu huokotwa na mpitanjia wa kwanza, akafungwa tena.

Jirani alipopigiwa simu alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mchukueni, mwanangu. Pumu yenyewe haikutoka." Sikumchukia. Alikuwa mama anayehangaikia mwanawe, na hakuna aliyewahi kumwambia yale ami aliyoniambia mimi.

Tulimpeleka Muungoni, kwa mzee aliyefuga kobe na vinyonga kwenye uwanja wenye nyasi, akiwaonesha watoto wa skuli. Ndani ya daladala tulimweka kwenye beseni miguuni, utingo akatutoza nauli ya mzigo. Tulipomshusha kwenye ukoka alitoa shingo, akaenda hatua zake chache, akasimama. Akageuka, akaja kwa mzunguko, akasimama tena. Nilipima kwa macho: ni urefu ule ule wa waya. Mzee akasema tumwache. Jua lilipopanda, akapita.

Umeme ulirudi Machi, na jirani naye akarudi. Yule mtoto wa pumu, wa miaka minane, alikuja mlangoni kwetu kumuulizia kobe wake. Jumapili nikampeleka Muungoni. Alimkuta kivulini chini ya mwembe anatafuna majani, akachutama nyuma yake, akalitia kidole lile tundu lililokwishakauka. Mguu ukarudi ndani.

Mtoto akautoa mkono haraka, akaufumbata kifuani.

"Kumbe anasikia," akasema.