Boti ya mbao ilivuja kama pakacha: jinsi nilivyoitibu

Tulipoirudisha majini baada ya wiki sita nchi kavu, ilivuja kila mahali. Ni boti kuukuu ya mizigo ya mfereji wa Grand Union, unaounganisha London na Birmingham: urefu mita 21, upana mita 2.1 tu, ubavu wa mwaloni, sakafu ya mbao za elmu. Iliniuma, maana kalafati, yaani nyuzi za kuziba maungio ya mbao, niliipiga mwenyewe.

Nilitaka kuongeza nyuzi. Lingekuwa kosa kubwa. Mbao zilikuwa zimekauka kwa jua la kiangazi. Ukizishindilia zikiwa kavu, zikivimba zinasukumana hadi misumari ing'oke. Mzee mmoja aliyefunga boti yake jirani akaniambia, "Iache inywe."

Nikaifunga penye maji machache, nikaiacha ijae hadi magotini. Siku ya nne nikapapasa maungio ya ubavu wa kushoto: palipokuwa pakiingia njiti ya kiberiti, sasa hata ukucha haukupenya. Nikapiga pampu.

Ukabaki mchirizi mmoja karibu na usukani. Nikashusha kopo la vumbi la mbao na majivu kwa nje, usawa wa ufa, nikalimwaga chini ya maji. Maji yaliyokuwa yakiingia yakalivuta vumbi hadi ufa ukaziba. Kwetu Lamu tunapaka deheni, yaani mchanganyiko wa shahamu na chokaa, lakini hupakwa chombo kikiwa kimepandishwa nchi kavu; hapa, boti ikiwa majini, isingefaa.

Sasa ngama, maji yanayokusanyika chini ndani ya boti, nafua (nachota na kumwaga nje) ndoo moja tu kwa wiki. Ikipandishwa tena, nitaifunika magunia yaliyolowa kila asubuhi.