Siku moja ya fundi wa intaneti ya setilaiti: Magogoni hadi Kimbiji

Saa 12 asubuhi, kivuko cha Magogoni, Dar es Salaam. Mzigo: ungo wa sentimita 75, bomba la chuma la inchi 2, waya wa ungo aina ya RG-6 mita 30, pima maji, dira, drili, spana namba 13 na 17, betri ya volti 12 na inveta yake. Abiria huwa wanaulizia betri. Ungo wa intaneti hauelekezwi modemu ikiwa imezimwa, na umeme huku haumsubiri fundi amalize.

Saa 2 na nusu, Kimbiji. Mkongo wa intaneti haujafika mtaa huu, ndiyo maana tumeitwa.

Saa 3 ni kutafuta anga. Setilaiti tunayoilenga ni Eutelsat Konnect, iliyorushwa Januari 2020. Iko juu ya ikweta, digrii 7.2 mashariki, kimo cha kilomita 35,786. Ukiwa Dar es Salaam unaitazama magharibi, ukipinda kidogo kaskazini: digrii 281 hivi kwenye dira na 52 kwa mwinuko kutoka usawa wa ardhi. Ungo wa Azam wa jirani unatazama karibu hukohuko, kwa hiyo unafaa kukadiria. Wa DStv usiufuate. Setilaiti yake iko digrii 36 mashariki, karibu na utosi wetu, ndiyo maana ungo wake umelala chali. Dira isomwe mbali na bati na nondo, maana chuma huivuta.

Mama mwenye nyumba hataki ungo uonekane mbele. Anataka ukae nyuma ya tangi la maji, chini ya mwembe. "Mwanangu, hayo mawimbi si yanapita kwenye majani?" Hayapiti, mama. Majani yamejaa maji, na maji humeza mawimbi haya. Kwa mwinuko wa digrii 52, mti unaouzidi ungo kwa mita 10 unatakiwa uwe mbali nao mita 8 kwa uchache; mimi huweka 10, kwa sababu mwembe unakua na matawi hucheza na upepo. Wake uko mita 4. Basi tuweke juu ya bati? Bati hutikisika upepo wa baharini ukivuma, na kila tundu la bolti litavuja masika. Halafu akauliza kwa nini tusichomeke modemu kwenye ungo wa Azam alionao. Ule unapokea tu. Huu wetu kichwa chake, kile kifaa kilicho mbele ya ungo, kinapokea na kurusha, kwa masafa mengine kabisa. Maelezo hayo yalikula saa nzima, na sikuona vibaya, maana ungo ukikaa pabaya lawama yote humwangukia fundi. Tukakubaliana kona ya ukuta wa magharibi.

Saa 5, bomba. Hapa ndipo kazi ilipo, ingawa mteja haoni kitu kinachoendelea. Pima maji huwekwa pande mbili za bomba, mbele na ubavuni, mpaka kipovu kitulie katikati kote kuwili. Bomba likiinama hata digrii moja, ukigeuza ungo kushoto au kulia mwinuko nao unahama, na utaifukuza ishara mpaka jioni.

Waya: shaba ya kati itokeze milimita 3 hivi. Unyuzi mmoja tu wa wavu unaoizunguka ukiigusa, umeme wa kwenda kichwani unapiga shoti. Kabla waya haujaingia ndani, uache uning'inie kidogo ili maji ya mvua yadondoke chini yasifuate waya.

Mchana, jua la utosi. Mwinuko kwanza, 52 kwenye kipimo cha nyuma ya ungo. Uso wake utaonekana umesimama kuliko unakotazama, kwa sababu kichwa kimekaa chini badala ya katikati. Fuata kipimo, usifuate macho. Kisha unageuza polepole sana, kidogo, unasubiri modemu isome, kidogo tena. Kugeuza digrii moja hapa ukutani ni karibu kilomita 400 kule juu. Ishara ikipanda usishangilie: pembeni ya kilele halisi kuna vilele vidogo vya uongo, na mafundi wengi hukaza bolti hapohapo, halafu mteja analalamika intaneti nzito. Pita mpaka ishara ianguke, endelea, uone kama kuna kikubwa zaidi. Ukikipata, tafuta inapoanza kushuka kila upande, uweke katikati. Usisimame mbele ya ungo. Unaziba ishara, na kichwa kinarusha.

Umeme ukakatika katikati ya hapo. Betri ikafanya kazi yake.

Kukaza nako kuna taabu. Ukikaza bolti moja mpaka mwisho, ungo unasogea. Robo mzunguko huku, robo kule, macho kwenye kipimo cha ishara. Bolti ziwe zilizopakwa zinki, na zitiwe grisi, chumvi ya bahari haina huruma.

Jua linashuka, mama anampigia mwanawe Mwanza kwa video. Sauti inachelewa zaidi ya nusu sekunde, kwa sababu swali linapanda na kushuka, na jibu vilevile. Hilo hakuna fundi wa kulirekebisha. Akaniuliza kwa nini kugeuza ungo tu kunagharimu hivyo; nikamwonyesha kipovu kwenye bomba. Nikamwachia na maagizo: mvua kubwa ikikata intaneti, asiruhusu mtu aguse ungo, asubiri ipite. Anga ikiwa nyeupe na bado haijarudi, afungue kiungo cha waya kwanza, aangalie kama kuna maji.