Simu Iliyonikuta Makambako

Nilipanda basi la asubuhi kutoka Iringa kwenda Mbeya nikiwa na mkataba wa kazi ya uhasibu ndani ya bahasha, ufunguo wa chumba nilichokwisha kukilipia kodi ya miezi sita kule Iyunga, na mizigo iliyobaki baada ya kuuza kitanda na kabati. Mke wangu na mtoto walikuwa wanifuate shule zikifungwa. Jumapili iliyotangulia nilikuwa nimesimama mbele ya usharika wetu kumshukuru Mungu kwa kazi hiyo, watu wakapiga makofi, na mwinjilisti akaniombea safari.

Barabara ile ni nzuri kwa mtu mwenye furaha. Ukishapita Ipogolo na Tanangozi hewa huzidi kuwa ya baridi, na Mafinga hukupokea kwa harufu ya misindano na milundo ya mbao, kwa kuwa umefika jirani na Sao Hill, shamba la miti la Serikali lililo kubwa kuliko yote nchini. Kwenye kiti cha pembeni alikaa mzee mwenye koti zito, ambaye aliiitikia shikamoo yangu na kuniongezea “Kamwene”, kisha akanieleza kwamba amestaafu kazi ya reli na anakwenda Tukuyu kumwona dada yake.

Makambako basi lilisimama ili abiria wale, na hapo ndipo simu ilipoita. Mtu wa ofisi niliyokuwa naiendea alizungumza kwa upole na kwa ufupi: mfadhili ameondoa fedha, mradi umesitishwa, mkataba wangu hautaanza. Kutoka pale barabara moja huenda Songea kwa kupitia Njombe, nyingine huenda Mbeya, na nyingine ndiyo iliyokuwa imenileta. Sikuona sababu ya kushika yoyote. Chumba chetu cha Iringa kilikuwa kimekwisha kupata mpangaji mwingine.

Kilichoniuma kwanza, kusema kweli, hakikuwa mshahara bali ule ushuhuda. Mtu akimshukuru Mungu hadharani kwa jambo, kisha jambo lenyewe likavunjika, huonekana ama alisema uongo ama Mungu amemgeuka. Nayajua maneno ya faraja ambayo watu wema huyasema: kwamba umeepushwa na baya, kwamba unaandaliwa kubwa zaidi. Huenda ni kweli, lakini anayeyasema hajui, na namna hiyo ya kushuhudia ina ubaya wake. Anayesimama kanisani akieleza kwamba Mungu alimchelewesha asipande basi lililokwenda kupinduka Kitonga, huwafikiria kidogo mno wale waliowahi, ambao nao waliombewa safari na watu wao.

Mzee yule hakunifariji kwa njia hiyo. Alitazama upande wa stesheni, ambako reli ya TAZARA, ile iendayo Zambia kutoka Dar es Salaam, hufika baada ya kupanda milima kutoka Mlimba, akasema kwamba aliingia kwenye ujenzi akiwa kijana, katika kipande hicho hicho kilichokuwa kigumu kuliko vyote kwa mahandaki na madaraja yake. Alinikumbusha kwamba reli ile ilijengwa kuanzia 1970 hadi 1975 kwa sababu njia ya Zambia ya kupitia kusini iliingia matatani baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru mwaka 1965. Nikadhani anaelekea kuniambia kwamba mlango mmoja ukifungwa hufunguka mwingine. Hakusema hivyo.

“Wenzangu wengine walifia kwenye kazi ile, mwanangu, na walikuwa waombaji kuliko mimi. Kwa hiyo usiniulize kwa nini. Leo unalala wapi?”

“Mbeya, baba. Chumba nimekwisha kukilipia.”

“Basi panda gari.”

Tulipoondoka nilifungua Matendo ya Mitume, sura ya 16. Paulo na wenzake wanakatazwa na Roho kulihubiri neno katika Asia; wanajaribu kwenda Bithinia, wanazuiwa tena; na mwandishi hatoi sababu hata moja. Wanapita Misia na kuteremka mpaka Troa, na ni huko tu, usiku, ndiko Paulo anakoona maono ya mtu wa Makedonia. Mahubiri mengi niliyoyasikia huishia kwenye maono hayo. Sura yenyewe inaendelea hadi Filipi, ambako njia iliyofunguliwa iliwapatia Paulo na Sila kipigo cha bakora, gereza, na mkatale miguuni. Ninavyoisoma mimi, imani ya watu wale ilionekana zaidi katika mwendo wa kwenda Troa, walipokuwa wamekatazwa mara mbili, hawajaelezwa lolote, na bado wanatembea.

Tuliteremka hadi tambarare za Usangu, joto likapanda, yakaja mashamba ya mpunga ya Chimala na Igurusi. Niliomba, wala haikuwa sala nzuri. Malalamiko yalizidi shukrani, kama ilivyo katika zaburi nyingi. Nilipomaliza nikatoa kalamu na kuandika juu ya ile bahasha majina ya mashine za kukobolea mpunga zilizokuwa kando ya barabara, kwa kuwa mwenye mashine naye huhitaji mtu wa kumwekea hesabu. Mzee aliona, hakusema kitu. Alishuka Uyole kutafuta gari la Tukuyu.

Jioni, nikiwa Iyunga, nilimpigia mke wangu. Alinyamaza kwa muda, kisha akauliza kama chumba kina maji. Halafu nikampigia mwinjilisti, nikamwomba atangaze Jumapili, pale pale niliposimama, kwamba ile kazi haipo tena na kwamba bado namshukuru Mungu. Akaniuliza aseme Mungu amekusudia nini kwa jambo hili, maana waumini watataka kujua. Nikamwambia aseme kwamba mfadhili ameondoa fedha.